Kifungo cha Kaboni na Halojeni: Hotuba kwa Walimu na Wanafunzi wa Kemia

Walimu wenzangu, mafundi wa maabara, na ninyi wanafunzi mliojaa huko nyuma, nawashukuru kwa kuja.

Halidi za alkili hufundishwa mara nyingi kama orodha. Kwanza majina, halafu sifa, halafu menyuko, mwisho matumizi. Mwanafunzi anaikariri, anaimwaga kwenye karatasi ya mtihani, na baada ya wiki mbili imepeperuka. Leo naomba twende njia nyingine. Tutashika kifungo kimoja tu, kile kinachounganisha kaboni na halojeni, na kila tukifika mahali tutakiuliza maswali mawili: kina nguvu kiasi gani, na kaboni iliyokishika imezungukwa na nini? Ukiwa na majibu ya maswali hayo, sehemu kubwa ya orodha ile utaijenga mwenyewe bila kukariri.

Tuanze na umbo. Chukua alkani, yaani kiwanja cha kaboni na hidrojeni chenye vifungo vya kawaida tu, ondoa hidrojeni moja, weka mahali pake florini, klorini, bromini au iodini. Umepata halidi ya alkili, au haloalkani. Sharti ni kwamba kaboni inayobeba halojeni iwe na vifungo vinne vya kawaida, visivyo maradufu. Halojeni ikikaa kwenye kaboni yenye kifungo maradufu, au kwenye duara la benzini, hiyo ni familia nyingine kabisa. Klorobenzini unaweza kuichemsha na sodiamu hidroksidi iliyozimuliwa mchana kutwa na isibadilike, kwa sababu elektroni za klorini zimejichanganya na zile za duara na kifungo kimekuwa kifupi na kigumu. Anayeingiza klorobenzini kwenye kundi la leo atakosea kila kitu kinachofuata.

Uainishaji ndipo makosa mengi huanzia. Tunasema halidi ni ya daraja la kwanza, la pili au la tatu kwa kuhesabu kaboni ngapi zimeshikamana na ile kaboni inayobeba halojeni. Hatuhesabu halojeni, wala hatuangalii kama mnyororo una tawi mahali pengine. Dikloromethani ina klorini mbili, lakini hilo haliipeleki daraja la pili. Tazameni isoma nne za C₄H₉Br, yaani molekuli zenye atomu zilezile zilizopangwa tofauti. 1-bromobutani ni ya daraja la kwanza. 2-bromobutani ni ya pili. 2-bromo-2-methilipropani ni ya tatu. Ya nne ni 1-bromo-2-methilipropani, na hii ndiyo mtego: ina tawi, kwa hiyo wengi huiita ya pili. Weka kidole juu ya kaboni yenye bromini, uhesabu majirani zake wa kaboni. Ni mmoja tu. Basi ni ya daraja la kwanza. Kidole hicho kwenye karatasi kinasaidia kuliko fasili yoyote ya kitabuni.

Isoma hizohizo zinatufundisha jambo kuhusu kuchemka. 1-bromobutani huchemka kwenye nyuzi 101 au 102 za Selsiasi, 2-bromobutani na 1-bromo-2-methilipropani karibu nyuzi 91, na ile ya daraja la tatu nyuzi 73. Uzito wa molekuli ni uleule. Kilichobadilika ni umbo: molekuli iliyojikunja kama mpira ina eneo dogo la kugusana na jirani yake, hivyo mvutano kati yao ni hafifu. Sasa linganisheni halojeni. Kloromethani huchemka kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri, bromomethani karibu nyuzi 4, iodomethani nyuzi 42. Angalieni kwamba polariti, yaani tofauti ya chaji kati ya kaboni na halojeni, inapungua tunapokwenda kwenye iodini, lakini joto la kuchemka linapanda. Wingi wa elektroni ndio unaotawala hapa. Mwanafunzi anayejibu kila swali kwa neno "polariti" ameshakosa jibu.

Katika maji zote huyeyuka kidogo mno, ila swali la ipi huelea na ipi huzama lina uzito wake maabara, na nitalirudia. 1-klorobutani ina densiti ya takriban gramu 0.89 kwa mililita, chini ya ile ya maji ambayo ni 1, hivyo huelea. 1-bromobutani ni 1.27, huzama. Iodomethani ni 2.28, nzito ajabu kwa kimiminika chepesi kukitazama. Halidi zenye iodini zikiachwa kwenye mwanga hugeuka rangi ya kahawia, maana kifungo chake hukatika na iodini huru hujitokeza. Ndiyo maana huwekwa kwenye chupa nyeusi, na iodomethani mara nyingi hutiwa kipande cha waya wa shaba ndani yake.

Sasa nguvu ya kifungo chenyewe. Kwa makadirio ya wastani, kukata kifungo cha kaboni na florini kunahitaji kilojuli 485 kwa moli, klorini karibu 340, bromini karibu 285, iodini karibu 240 au chini yake kidogo. Urefu nao unaongezeka: pikomita 139, 178, 194, na 214. Kumbukeni mteremko huo.

Kuna jaribio moja ambalo naliona ni la lazima kwa kila darasa. Chukua neli tatu za majaribio. Weka ethanoli mililita 2 katika kila moja, kisha matone matano ya 1-klorobutani kwenye ya kwanza, 1-bromobutani kwenye ya pili, 1-iodobutani kwenye ya tatu. Zisimamishe kwenye maji ya nyuzi 60 pamoja na neli ya nne yenye mmumunyo wa fedha nitrati wa moli 0.1 kwa lita. Zikishapata joto sawa, tia mililita 1 ya fedha nitrati katika kila neli, uanze saa. Neli ya iodini hupata ukungu wa njano kwanza. Ya bromini hufuata kwa rangi ya maziwa mazito. Ya klorini huchelewa sana, na mashapo yake ni meupe. Kama kifungo chenye polariti kubwa ndicho kingekuwa chepesi kushambuliwa, klorini ingetangulia. Haikutangulia. Macho ya wanafunzi wenyewe yameona kwamba nguvu ya kifungo ndiyo iliyoamua.

Jaribio hili huharibika kwa njia chache zinazojulikana. Ethanoli ikisahaulika, halidi na maji hukaa tabaka mbili na hakuna kinachotokea. Kama umechagua kuchemsha kwanza na sodiamu hidroksidi, lazima uongeze asidi ya nitriki iliyozimuliwa mpaka karatasi ya litmasi igeuke nyekundu, ndipo utie fedha nitrati. Usipofanya hivyo utapata mashapo ya kahawia ya oksidi ya fedha yanayofunika kila kitu. Na usitumie asidi ya hidrokloriki badala ya nitriki, kwa sababu utakuwa umejitilia kloridi mwenyewe, na kila neli itatoa mashapo meupe hata ile yenye maji matupu. Ukiwa na shaka juu ya rangi, tumia amonia: mashapo ya kloridi huyeyuka kwenye amonia iliyozimuliwa, ya bromidi huhitaji amonia kali, ya iodidi hayayeyuki kwenye yoyote.

Swali la pili sasa: kaboni imezungukwa na nini? Kaboni yenye halojeni ina upungufu kidogo wa elektroni, kwa hiyo inavuta nyukliofili, yaani chembe yenye jozi ya elektroni za kutoa, kama ioni ya hidroksidi, sianidi au amonia. Kwenye halidi ya daraja la kwanza njia iko wazi. Nyukliofili huingia kutoka mgongoni mwa halojeni, na kadiri inavyokaribia, halojeni inasukumwa nje, na vile vifungo vingine vitatu hupinduka kama mwavuli uliopigwa na upepo. Hatua ni moja, na kasi inategemea vyote viwili, halidi na nyukliofili. Kwenye daraja la tatu mgongo umezibwa na makundi matatu ya kaboni. Hapo halojeni hutangulia kuondoka yenyewe, ikiacha ioni ya kaboni yenye chaji chanya, ambayo majirani wale watatu wanaituliza kwa kuisukumia elektroni. Kasi inategemea halidi peke yake. Edward Hughes na Christopher Ingold ndio waliozichambua njia hizi mbili huko London katika miaka ya 1930, na majina tunayoyatumia yametoka kwao: SN2 kwa ile ya hatua moja, SN1 kwa ile ambayo halojeni hutangulia kuondoka. Daraja la pili hukaa katikati, na hapo kiyeyushi huamua: asetoni huipendelea SN2, mchanganyiko wa maji na ethanoli huisaidia SN1.

Kuna mshindani ambaye hasahauliki bila hasara. Hidroksidi ni nyukliofili lakini pia ni besi, na badala ya kushambulia kaboni inaweza kung'oa hidrojeni ya kaboni jirani, ukapata alkeni, yaani kiwanja chenye kifungo maradufu kati ya kaboni mbili, badala ya alkoholi. Kanuni ya mezani ni hii: hidroksidi katika maji na joto la wastani huelekea kwenye alkoholi, potasiamu hidroksidi katika ethanoli ya moto huelekea kwenye alkeni. Halidi ya daraja la tatu ikikutana na besi kali hutoa alkeni karibu yote. Ndiyo sababu ukitaka kutengeneza etha yenye kundi la methili upande mmoja na la butili la daraja la tatu upande mwingine, unachukua iodomethani na alkoksidi ya daraja la tatu. Ukifanya kinyume, yaani bromidi ya daraja la tatu pamoja na methoksidi, gesi ya 2-methilipropeni itatoka na etha hutaiona. Kwenye karatasi njia zote mbili zinaonekana sawa. Kwenye chupa ni usiku na mchana.

Twende mezani tutengeneze moja. Nitaeleza 1-bromobutani kwa sababu inafundisha mengi kwa bei ndogo ya muda. Kwenye chupa duara ya mililita 100 weka sodiamu bromidi gramu 13.3, maji mililita 15, na butan-1-oli mililita 10. Ipoze kwenye barafu, kisha tia asidi kali ya sulfuriki mililita 11.5 pole pole huku ukizungusha chupa. Subira hapa ni ya lazima. Asidi ikimiminwa kwa mkupuo mmoja, joto hupanda ghafla, asidi huoksidisha bromidi, na mchanganyiko hugeuka rangi ya chungwa iliyokolea kwa bromini huru. Weka vijiwe vya kuchemshia, simamisha kondensa wima, uchemshe dakika 45 mvuke ukirudi chini. Kwenye mdomo wa kondensa unganisha mrija wenye faneli iliyoinamishwa juu tu ya maji, ili inase gesi ya hidrojeni bromidi. Faneli isizame, vinginevyo maji hufyonzwa hadi kwenye chupa ya moto.

Baada ya muda utaona tabaka mbili. Ajabu ni kwamba tabaka la juu ndilo la bromobutani, ingawa tulisema huzama. Haizami kwa sababu chini yake hakuna maji matupu. Kuna mmumunyo mzito wa asidi na chumvi. Keneka sasa hadi matone yanayodondoka yasiwe tena na mafuta mafuta. Pima kwa kudondoshea tone kwenye maji: likijitenga, endelea, likichanganyika, acha.

Kisha kuna kuosha, na hapa ndipo kazi ya saa nzima humwagwa kwenye sinki. Ukiosha kwa maji, bromobutani iko chini. Ukiosha kwa asidi kali ya sulfuriki iliyopozwa, ambayo densiti yake ni 1.84, bromobutani inapanda juu. Ukirudi kwenye mmumunyo wa sodiamu bikaboneti, inashuka tena chini. Mtu aliyezoea "yangu iko chini" huifungua bomba ya faneli na kutupa mali yake. Usitupe tabaka lolote mpaka umalize kazi. Ukiwa na shaka wakati wa kuosha kwa maji, ongeza tone la maji na ulifuate kwa macho uone linajiunga na tabaka lipi. Asidi ile inatumika kwa sababu inaondoa alkoholi iliyobaki, pamoja na etha na alkeni zilizojitengeneza pembeni, huku bromobutani ikibaki salama. Bikaboneti inaondoa mabaki ya asidi, ila hutoa gesi ya kaboni dioksidi, hivyo fungua bomba kuachia mgandamizo kila baada ya kutikisa mara moja au mbili, mdomo wa faneli ukielekezwa mbali na watu. Ikiwa bado kuna rangi ya chungwa, sodiamu bisulfiti kidogo huifuta. Kausha kwa kalsiamu kloridi mpaka kimiminika kiwe angavu, uikeneke mara ya mwisho ukikusanya kati ya nyuzi 99 na 103. Butanoli uliyoanza nayo ingetoa takriban gramu 15 kama isingepotea hata chembe. Theluthi mbili ya hizo ni matokeo mazuri.

Kwa daraja la tatu huhitaji moto hata kidogo. Tikisa 2-methilipropan-2-oli na asidi kali ya hidrokloriki kwenye faneli ya kutenganishia kwa joto la chumba, na kloridi yake inajitenga juu ndani ya dakika chache. Kasi hiyo ni ushahidi wa ile ioni ya kaboni niliyoieleza. Osha kwa bikaboneti na wala si kwa sodiamu hidroksidi, na usiiache ikae humo, maana kloridi ya aina hii huharibika upesi.

Kabla ya matumizi ya nje, kuna moja la ndani ya maabara ambalo silipiti kimya. Victor Grignard aligundua kwamba halidi ya alkili ikiwekwa na magnesiamu kwenye etha kavu, kaboni hugeuza tabia: iliyokuwa na upungufu wa elektroni inakuwa na ziada, na sasa inashambulia kaboni nyingine. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Neno zito hapo ni "kavu". Unyevu kidogo kwenye chupa hurudisha kitendanishi hicho cha magnesiamu kwenye alkani. Magnesiamu ikigoma kuanza, chembe moja ya iodini hukwangua ngozi ya oksidi iliyoifunika. Bromidi na iodidi huanza kwa urahisi, kloridi husita, na floridi hazisogei kabisa katika hali hizo. Ni mteremko uleule wa nguvu za vifungo.

Matumizi ya viwandani yanafuata mantiki hiyo. 1,2-dikloroethani hupashwa joto la karibu nyuzi 500 ipoteze hidrojeni kloridi na kuwa kloridi ya vinili, ambayo ndiyo malighafi ya plastiki ya PVC ya mabomba. Dikloromethani huyeyusha mafuta na rangi, huchemka kwenye nyuzi 40, na haishiki moto kirahisi. James Young Simpson alitumia klorofomu kuondoa maumivu ya uzazi huko Edinburgh mwaka 1847. Baadaye ilibainika kwamba inaweza kusimamisha moyo na kuharibu ini, na kwamba kwenye hewa na mwanga hutoa fosjini, gesi ya sumu kali. Kwa hiyo chupa yake ni nyeusi, na hutiwa ethanoli kidogo ya kuilinda. Halotheni, dawa ya usingizi iliyofuata katika miaka ya 1950, ilibeba florini tatu, bromini moja na klorini moja, na sifa yake kubwa ilikuwa kutoshika moto kwenye chumba cha upasuaji.

Halafu kuna klorofluorokaboni. Diklorodifluoromethani huchemka karibu nyuzi 30 chini ya sifuri, haina harufu kali, haiungui, haina sumu ya haraka, haili chuma. Kwa jokofu, nani angekataa? Lakini gesi isiyomenyuka na chochote hapa chini haina kitu cha kuiondoa hewani. Hudumu karibu miaka 100, inapanda hadi kwenye stratosfia, tabaka la juu la hewa, na huko mionzi ya urujuanimno ina nguvu ya kutosha kukata kifungo cha klorini. Kile cha florini kinabaki. Atomu ya klorini iliyoachiwa hubomoa molekuli moja ya ozoni, gesi inayotukinga na mionzi hiyo, baada ya nyingine bila yenyewe kuisha. Mario Molina na Sherwood Rowland walilieleza hilo mwaka 1974. Mwaka 1985 Joseph Farman na wenzake walitangaza upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika, na mwaka 1987 ukasainiwa Mkataba wa Montreal wa kudhibiti kemikali zinazoharibu ozoni. Warithi wa klorofluorokaboni, kama 1,1,1,2-tetrafluoroethani, hawana klorini kabisa, na wana hidrojeni ambayo ndiyo mlango wa kuvunjwa hewani ndani ya miaka 14 hivi. Ozoni imeepuka, ila gesi hizi hunasa joto zaidi ya mara elfu moja kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100, na ndiyo sababu ya Marekebisho ya Kigali ya mkataba huo ya mwaka 2016, ya kuzipunguza, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Mwalimu anayefundisha sura hii bila kufika hapo amemnyima mwanafunzi sehemu inayomhusu zaidi.

Nimalizie na mikono yenu. Iodomethani na bromomethani ni hatari kwa sababu ileile inayozifanya zifae: kaboni yake haina kizuizi mgongoni, na nyukliofili zimejaa ndani ya mwili, zikiwemo nitrojeni za DNA. Zifanyieni kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, kamwe si kwenye meza ya wazi. Dikloromethani hupenya glavu nyembamba za mpira, hata za nitrili, kwa dakika chache, hivyo ikikumwagikia vua glavu mara moja, na ikivutwa kwa wingi mwili huigeuza kuwa kaboni monoksidi. Msikaushe kiyeyushi chenye klorini kwa metali ya sodiamu, hulipuka. Msichanganye klorofomu na asetoni kwenye chupa ya taka, kwa kuwa besi kidogo tu ikiingia humo, mmenyuko hutoa joto jingi na chupa inaweza kupasuka. Taka zenye halojeni ziwe na chombo chake, kisicho cha alumini, chenye lebo inayotaja kila kilichomo na tarehe ya kuanza kujazwa, na kisijazwe mpaka kwenye kifuniko.